Si Makaa, ni Makao

Esteri wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila alikuwa amejua kusoma juzi juzi tu, kwenye kisomo cha watu wazima. Basi hakikusalimika kitu! Alisoma magunia ya unga, alisoma hata sabuni.

Jioni moja wanawake walikusanyika kwa jirani yake, Immakulata. Mwanawe Fidele alikuwa amekufa kwa malaria, na matanga yalikuwa bado hayajaondolewa. Wakamwomba Esteri awasomee Injili. Alifungua kitabu kabla hawajamaliza kuomba.

Akasoma kwa sauti kubwa, mbio mbio: "Nyumbani mwa Baba yangu mna makaa mengi."

Immakulata akashika kichwa.

"Makaa? Yoo, Mana yanje, Mungu wangu! Mwanangu yuko motoni?"

Akaanguka chini. Wanawake wakapiga yowe. Maji yamekwisha mwagika, nani atayazoa?

Mwinjilisti Leonidasi alisikia yowe akaja mbio. Esteri akamweleza.

"Hebu soma tena, dada. Weka kidole chini ya kila herufi."

"Ma-ka-o." Mdomo ukabaki wazi. "Kumbe makao!" Alitamani ardhi immeze.

"Herufi moja, nawe umewasha moto," alisema Leonidasi.

Kisha akachuchumaa karibu na mfiwa.

"Mama Fidele, kwenye chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba Injili iliandikwa kwa Kigiriki. Neno lenyewe ni *mone*. Limetokana na neno la kubaki. Ni mahali unapokaa, ukabaki."

Immakulata alikuwa amekimbia Burundi mara mbili, mwaka 1972 akiwa binti, na tena 1993. Akainua uso.

"Hakuna atakayemwambia Fidele ahame?"

"Hakuna."

"Hata vita ikija?"

"Huko haifiki. Tena mbele kidogo neno lilo hilo linarudi. Mungu mwenyewe anakuja kufanya makao kwa mtu anayempenda."

Immakulata akashtuka upya. Akatazama plastiki iliyotoboka juu ya kichwa chake.

"Aje kwangu? Ndani ya shitingi hii?"

"Humu humu, mama."

Tangu hapo Esteri hasomi bila kidole. Siku ya kuondoa matanga alisoma mstari ule ule, polepole, watu wakiwa roho juu. Alipofika kwenye neno lile, Immakulata akamshika mkono.

"Ngoja. Nionyeshe hiyo o."

Akaigusa, machozi yakimtoka.

Jumatatu Immakulata alikuwa amekaa mbele kisomoni. Mwalimu alitaka kuanza na a, kama kawaida. Akakataa katakata.

"Mimi nianzishie o," alisema.