Zizi Tupu Siku ya Tatu

Mama Maziwa alikuwa na ng'ombe sita na mdomo usiolala. Daktari wa mifugo alipowachoma ng'ombe wake sindano ya shingoni, mtaa mzima ulijua.

"Wangu wamechanjwa kifua kikuu," alimwambia jirani yake, fundi cherehani, akimpimia lita ya asubuhi. "Mpe mtoto hivi hivi. Ukichemsha unaua utamu."

Daktari alikuwa amemwambia, "Nitarudi siku ya tatu. Usiwatoe." Siku ya tatu alikuta zizi tupu. Ng'ombe walikuwa malishoni. Si wameshachomwa? Daktari alipiga simu mara mbili. Mama Maziwa aliiacha iite.

Miezi miwili baadaye aliuza ng'ombe mzee machinjioni. Kesho yake daktari alikuja na mkaguzi wa nyama. Hereni ya namba sikioni mwa ng'ombe ndiyo iliyowaonyesha mwenyewe ni nani.

"Mapafu yake yalijaa vinundu," mkaguzi alisema. "Tumepima. Ni kifua kikuu."

"Si mlimchanja?"

"Mama, ile haikuwa chanjo. Ni kipimo," daktari alisema. "Mgonjwa huvimba palipochomwa. Siku ya tatu nilikuja kupima uvimbe."

Mama Maziwa alitazama kandambili zake.

"Lakini machinjioni si mmeugundua ugonjwa hata bila kipimo hicho?"

"Mimi nakagua aliyekwisha kufa," mkaguzi alijibu. "Tena kinundu kidogo chaweza kunipita. Nikikiona, najua ugonjwa umo zizini. Sijui nani mwingine anao."

"Sindano humkuta akiwa hai, kabla hajaambukiza wengi," daktari aliongeza. "Nayo huweza kukosea, ndiyo maana tunairudia. Tunahitaji sindano na ukaguzi wa nyama pia."

Mama Maziwa alitamani ardhi ipasuke. Alimkumbuka mtoto wa fundi. Akaenda kwake mwenyewe, kichwa chini.

"Jirani, sindano ile sikuijua. Nikasema kama ninayeijua. Ng'ombe wangu wanaumwa."

Fundi alisimamisha cherehani. "Na mwanangu kanywa mabichi miezi miwili."

"Twende naye kliniki. Nitambeba mimi."

Fundi aliinuka, wakaenda. Mtoto alipimwa, akaonekana mzima.

Ng'ombe watano walichomwa tena. Wawili walivimba, wakaondolewa. Maziwa hayakuuzwa mpaka daktari aliporudia kipimo na kuruhusu. Siku ya tatu ya kipimo hicho, watatu waliobaki walikuwa wamefungwa tangu alfajiri. Hakuna aliyevimba.

Fundi alikuja na birika lake.

"Wamechanjwa?" aliuliza.

"Wamepimwa," Mama Maziwa alijibu, bila kuinua macho. "Na uyachemshe."