Kaka Yangu Alishika Ncha ya Futi Kamba

Ulikuwepo. Usijifanye hukuwepo.

Pazia lako lilisogea, nikaliona. Ulichungulia, ukamwona afisa wa majengo akichora X nyekundu kwenye ukuta wa chumba cha mama yangu... halafu ukalirudisha pazia taratibu, kama mtu aliyekuta wenzake wanaoga.

Basi soma, hapa kwenye kundi la mtaa. Kusoma hakuhitaji ujasiri.

Afisa alishika upande mmoja wa futi kamba. Upande wa pili, ile ncha ya chuma iliyobanwa kwenye uzio, ilishikwa na mtu ninayemjua tangu nanyonya.

Kaka yangu. Tumbo moja.

"Mita moja," afisa akasoma. "Sheria inataka mita moja na nusu kutoka mpakani hadi ukuta wa nyumba. Chumba hiki kimesogea mno. Kitavunjwa."

"Mpaka ni upi?" nikauliza.

"Huo uzio. Mwenye nyumba kanionyesha."

"Mwenye nyumba ni mama. Yuko ndani, miguu inamsumbua. Huyo ni mtoto wake tu, kama mimi."

Kaka hakunitazama. Alikuwa anakunja futi kamba polepole, kama anakunja nguo za marehemu.

Kazi yangu mnaijua. Ninavalisha makochi nguo mpya pale njia panda. Mnaniita Wakili wa Makochi mkidhani sisikii. Shule niliiacha mapema, lakini sheria za ujenzi nimezisoma zote kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Na nina ugonjwa mmoja mbaya: sisahau.

Uzio ule ninakumbuka ulivyojengwa.

Na ninyi mnakumbuka. Wezi wa vyuma chakavu walikuwa wanazing'oa bikoni, vile vyuma ambavyo wapima ardhi walivisimika kwenye zege kila kona ya kiwanja kuonyesha mpaka. Mtaa ukabuni akili yake. Anayejenga uzio kwanza anausogeza kidogo upande wa jirani, ili bikoni ibaki ndani ya ua wake, ailinde kwa niaba ya wote wawili. Jirani anakubali. Hakuna karatasi. Ni ujirani.

Jirani yetu wa zamani, dereva mstaafu, alipiga hodi kwa baba akiwa kavua kofia.

"Ndugu yangu, naomba niuvute uzio kwako kidogo, bikoni nikae nayo mimi."

"Vuta," baba akasema. "Mradi tusije tukazikana kwa ajili ya chuma."

Wakacheka. Kaka alikuwa hapo hapo, na zege la uzio akalikoroga yeye.

Wazee wale wamekufa wote wawili. Ujirani wao umekwenda nao. Uzio ndio uliobaki, na siku hizi unaitwa mpaka.

Nikamfuata kaka dukani kwake, kona ya mtaa, anapouza misumari na rangi.

"Kaka, mbona hukumwambia afisa kwamba bikoni iko ng'ambo ya uzio?"

"Bikoni gani?"

"Ile iliyozungushiwa uzio ulioukorogea zege wewe."

"Mdogo wangu, wewe una kumbukumbu za kuokota."

"Mama atalala wapi?"

Akaanza kupanga makopo ya rangi ambayo yalikuwa yamepangika tayari.

"Mama ana sebule," akasema. "Mimi sina duka lingine."

Sikumwelewa. Nikajiambia kahongwa na jirani yetu mpya, huyo mnayemwita Bwana Ghorofa, aliyenunua kwa watoto wa dereva. Nani mwingine angefaidika na ua wa mama?

Nikaenda ofisi ya ardhi. Mnaijua ile ofisi. Dirisha la kwanza linakutuma la tatu. La tatu linasema mpima yuko nje kikazi. Huyo wa nje kikazi nilimkuta uani anakula.

"Bikoni ikionekana," akasema mdomo umejaa, "na majirani wawili wakathibitisha kuwa ndiyo yenyewe, tunapima upya. Bila majirani, hicho ni chuma tu."

Majirani wawili. Mtaa mzima huu, wawili tu...

Nikagonga milango.

Fundi saa akasema macho yake siku hizi hayaoni. Mtu anayefungua saa ya mkononi kwa ncha ya sindano!

Mama Mapacha akasema, "Mwenzangu, wakati ule nilikuwa mzazi, sikuwa natoka." Hao mapacha siku ile walikuwa wanarushiana mchanga wa ujenzi, na mmoja nilimfuta macho mimi.

Mwalimu mstaafu akanipa methali. "Binti, maji yakimwagika hayazoleki."

"Mwalimu, hayajamwagika. Ndoo ndiyo inainamishwa, na wewe unaitazama."

"Nina wageni," akasema. Mlangoni hapakuwa na kiatu cha mgeni hata kimoja.

Nikabaki na hasira, na hasira ikanipeleka kwa Bwana Ghorofa mwenyewe. Jengo lake halijaisha, nondo zimechomoza juu kama nywele za mtu aliyeshtuka. Nilijiandaa kutukanwa.

"Unasema uzio huu si mpaka wangu?"

"Si mpaka. Bikoni iko ndani ya ua wako."

"Ikiwa ndani, basi mimi ndiye niliyejenga karibu mno?"

"Inawezekana."

Akaliangalia jengo lake juu hadi chini.

"Chukua jembe lile," akasema. "Mimi nilinunua nikaonyeshwa ukuta. Kama niliuziwa mbuzi kwenye gunia nataka kujua leo, kabla sijapandisha kuta za juu."

Tukachimba wenyewe, nyuma ya rundo la kokoto. Yeye na shati lake la pasi, mimi na gundi ya makochi kwenye vidole. Jembe likagonga zege. Katikati ya zege, chuma. Kutu imekila, lakini kimesimama.

Nikapeleka habari ofisini, na afisa yule yule akaja leo asubuhi. Akanyoosha uzi wa mpaka kuanzia pale, akapima. Chumba cha mama kina nafasi inayotakiwa, na ziada. Ngazi za Bwana Ghorofa ndizo zilizopungukiwa.

Bwana Ghorofa akashika kiuno. "Bora ngazi kuliko nyumba," akasema, basi.

"Jirani mmoja ninaye," afisa akasema. "Wa pili?"

Kaka alikuwa amesimama getini kwetu.

"Huyo hapo," nikasema. "Ana kiwanja chake kona, ni jirani pia. Na zege alikoroga yeye."

Afisa akaguna. "Huyu? Huyu ndiye aliyenileta kwenu. Mimi sikuja kwa ajili ya mama yenu. Nilikuja kwa ajili ya duka lake, kulikuwa na malalamiko kwamba limeingia kwenye nafasi ya barabara. Akaniambia mtaa huu mmekubaliana mpaka ni kuta, twende nikapime hata kwa mama yake nione kwamba ndivyo kila mtu alivyojenga."

Mnasikia?

Hakuna aliyemhonga. Alimtoa mama kuwa mfano, akidhani chumba kitapita... mfano ukaota meno. Ili amwokoe mama ilibidi atamke bikoni, na viwanja vyetu vimeshikana: ukiipata bikoni moja, nyingine zote zinahesabika kutoka hapo. Uzi ungekwenda moja kwa moja hadi chini ya sakafu ya duka lake.

"Kaka, sema."

"Nina watoto."

"Na mama yeye hana?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni. Tulidhani hasikii.

"Mwacheni," akasema. "Sitaki ndiyo ya kusukumwa." Kisha akamgeukia afisa. "Baba, mkija kuvunja, anzeni upande wa dirisha. Kitanda changu kiko upande wa pili."

Kaka akainamisha kichwa. Akaondoka.

Hapo ndipo nilipowaelewa na ninyi. Nilidhani mnamwogopa Bwana Ghorofa. Kumbe kila mmoja ana kipande alichovuta. Huyu choo, huyu kibanda, yule ukuta wa jiko. Mnaogopa uzi. Mmeona heri chumba cha mwanamke mzee kianguke, ili uzi usifike kwenu.

Lakini fikirini kidogo. Mpaka wetu ulilindwa na neno la wazee wawili. Neno halina zege, linasimama kwa midomo ya waliolisikia. Midomo ikifungwa, ukuta ndio unaobaki kusema, na ukuta husema anachotaka aliyeujenga mwisho. Leo umesema kwa mama. Siku utakaposema kwako, utagonga mlango wa nani?

Afisa bado yupo. Amekaa sebuleni kwetu, anakunywa chai, amesema atasubiri hadi mchana. Akiondoka bila jirani wa pili, X inabaki na wavunjaji wanakuja.

Anahitajika mmoja tu. Usiniandikie pole hapo chini. Usitume alama ya kulia.

Weka simu, vaa viatu, njoo useme ulichokiona.