Sauti Isiyohama na Nyota

Kwanza ilikuwa harufu: mafuta ya nywele ya marehemu mkewe, ndani ya chumba cha mitambo ambamo hata biskuti zilipigwa marufuku. Mzee Chembe alinusa kompyuta, akanusa koti lake, akajinusa mwenyewe, kisha akajicheka.

Kazi yake ilikuwa kusaka nyutrino, vijichembe vya kutoka mbali mno angani, vinavyoipenya dunia nzima bila kubisha hodi. Vitambuzi vilizamishwa ziwani. Kijichembe kikinaswa, spika hulia tik, naye hutafuta kilikotoka: nyota gani iliyolipuka, shimo jeusi lipi. Ujana wake wote uliishia humo, pamoja na nywele.

Wiki ile spika ikawa inalia tik, tik-tik, kama bangili za mkewe zilivyokuwa zikigonga sufuria.

"Mzee, chanzo hiki hakihami," fundi alinong'ona. "Dunia ikizunguka, nyota huhama. Hiki kimeganda."

"Kimeganda wapi?"

Fundi aliinamisha macho. "Chini. Upande wa makaburini."

"Hitilafu hiyo."

"Basi tuufunike upande huo kwenye kompyuta kama kawaida, mitambo isiusikie tena."

"Thubutu!"

Alifoka kwa sababu asubuhi hiyo, akiwa peke yake, spika ilikuwa imemwambia: "Mume wangu, umekonda."

Akaacha kula. Akaacha kurudi nyumbani. Bintiye alipoona hivyo akamleta mganga, mama mmoja mwenye miwani mizito, aliyesikiliza spika kidogo tu akarudi nyuma.

"Huyo si mkeo, baba. Ni jini limevaa sauti yake, linakula majonzi yako. Mlango wake unaujua wewe. Ufunge."

"Baba, nakuomba," binti alisema. "Nimeshamzika mmoja."

Hapo ndipo alipoinyoosha mikono yake kwenye kibodi, na harufu ikajaa chumba mpaka macho yakawasha, na bangili zikagonga kwa kasi, na sauti ikatoka spikani, ikatoka sakafuni, ikatoka ndani ya kifua chake, ikisema kuna giza huku, mume wangu, kuna baridi, usinifungie, hata kwaheri hatukuagana, naye akilia kama mtoto akaufunika upande ule.

Kimya.

"Limeondoka!" Binti alimkumbatia.

"Limeondoka," alikubali, akiitazama spika. "Na kama alikuwa yeye, mwanangu?"

Mganga alikuwa akifuta miwani yake.