Waya Chini ya Usukani

Saa mbili asubuhi.

Chumba cha nyuma cha duka la spea, Bondeni. Watu watatu, chai ya rangi, mlango umekazwa komeo. Ndung'u ndiye mkubwa wa genge. Hapendi kuulizwa maswali kabla hajamaliza chai.

"Gari bado iko kwa garage?"

"Iko," Kemboi akasema.

Kemboi ni fundi wa umeme wa magari. Gari lenyewe lilikuwa mikononi mwake wiki nzima: jekundu, viti viwili, mali ya Sunny, kijana wa wale wenye duka la vifaa vya ujenzi. Kila likikata kona ya kushoto, taa ya usukani inawaka na usukani unakuwa mzito ghafla. Mashine ya kupima ilisema ni sensa. Fundi wa kwanza akabadilisha sensa. Taa ikarudi. Fundi wa pili akabadilisha tena, maana mashine ikisema mafundi wengi hawabishi. Taa ikarudi.

Kemboi alichukua mita, akapima waya mmoja mmoja huku akizungusha usukani. Sensa ilikuwa nzima. Waya mmoja ndio uliochunwa na chuma chini ya dashbodi. Usukani ukienda kushoto, waya unagusa chuma, sensa inanyamaza. Aliuzungushia tepu nyepesi na kuufunga pembeni kwa kamba ya plastiki. Kisha akamwambia Sunny bado anatafuta.

"Gari mbovu hailindwi," Ndung'u akasema. "Kemboi, unapigia watu wa traka, wale wanaofuatilia gari kwa setilaiti. Waambie unatoa betri mpaka jioni. Hapo ukiing'oa hiyo traka, hakuna mtu anashtuka. Mafundi wakienda lunch, Jepleting anaingia. Anajifanya dereva wa Sunny, ametumwa kufanya road test. Anatoka, anashika Njoro, anakuja Elburgon. Mimi niko kwa sawmill na lori. Gari inaingia kwa lori, mbao zinapangwa nyuma yake. Imeisha."

Jepleting alitikisa kichwa kukubali. Ndiye dereva, na hakuna mwanaume Nakuru anayeweza kumfuata kwenye kona. Pia ndiye mpenzi wa Kemboi. Wakishamaliza kazi hii wangehamia Kabazi, walime viazi, Ndung'u asahau sura zao. Kemboi hakuwa na hamu ya kitu kingine duniani. Siku hizo hata woga ulikuwa umemtoka.

"Na mimi natoka vipi?" Kemboi akauliza.

"Wewe unabaki."

"Nabaki?"

"Ukipotea, wanajua ni wewe. Ukibaki, umechezwa kama wengine. Kunywa chai."

Kemboi akamtazama Jepleting. Jepleting alikuwa anatazama kikombe chake.

Saa sita na nusu.

Alipiga simu ya traka kwa laini yake, kama alivyoagizwa. Mwanamke wa upande wa pili alikuwa na adabu nyingi.

"Asante, Bwana Kemboi. Nimeshaweka jina lako hapa kwa system."

Alikata simu, akaing'oa traka, akakaa juu ya ndoo. Jina lake. Namba yake. Gari likishapotea, karao wa kituoni wataanza na nani? Ndung'u alijua. Mtu aliyepanga mpaka mbao hawezi kusahau kitu kama hicho. Na Jepleting, aliyenyamaza vile, alijua pia.

Alingoja hasira. Haikuja. Aliingia chini ya dashbodi na koleo, akaikata ile kamba ya plastiki, akabandua tepu ya ule waya. Ulibaki unaning'inia. Barabara ingeutikisa, ungeteleza hadi kwenye chuma. Alitoka, akapangusa mikono.

Saa saba na robo.

Mafundi walikuwa kibandani ng'ambo ya barabara wakila chapo madondo. Jepleting aliingia na miwani ya jua, akamsalimia Makhanu wa getini kama mtu anayemjua. Alikaa kwenye usukani, akawasha injini. Kemboi alisimama kando, mikono mfukoni.

"Panda," akasema Jepleting.

"Nini?"

"Panda, Kemboi. Nilibishana na Ndung'u juzi na jana. Alikataa. Ningeongea asubuhi angetafuta dereva mwingine, halafu wewe ungebaki kweli. Panda haraka."

Makhanu alikuwa ameshafungua geti. Kemboi alichukua mkoba wake wa vifaa, akapanda.

Saa nane kasoro robo.

Walipita Njoro, Kemboi akiutazama usukani. Jepleting alikuwa anatabasamu peke yake. Mbele, msitu ulianza, na malori ya mbao yalikuwa yanateremka moja baada ya jingine. Kona ya kushoto ikatokea. Taa ya njano ikawaka.

Usukani ukagoma. Jepleting aliuvuta kwa mikono miwili, mabega yote. Gari likavuka mstari. Lori likapiga honi ndefu, likapita karibu kiasi cha kuondoka na kioo cha pembeni. Tairi zikaingia kwenye changarawe, gari likasimama.

"Ulisema imepona!"

"Ilikuwa imepona."

"Sasa hii ni nini?"

"Niliharibu tena. Saa sita na nusu. Kabla uniambie nipande."

Jepleting alivua miwani. Macho yake yalikuwa yamejaa maji.

"Ulitaka nife."

"Sikuwa nataka kitu."

"Si ungeniuliza? Kemboi, si ungeniuliza tu?"

Alikuwa na haki, na Kemboi alilijua hilo, lakini lilimfikia polepole, kama habari ya msiba wa mtu wa mbali. Alishuka na mkoba, akazunguka upande wa dereva, akapiga magoti kwenye changarawe. Kichwa chini ya dashbodi, miguu ya Jepleting kando ya sikio lake. Alizungushia waya tepu mara nyingi kuliko inavyohitajika. Akaufunga pembeni kwa kamba mpya, akaivuta mpaka ikakaza, akashika mita.

"Kata kushoto mpaka mwisho."

Usukani ukazunguka.

"Tena. Kulia, halafu kushoto."

"Imezima," sauti ya Jepleting ikasema juu yake. "Taa imezima."

"Haitarudi."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nimeifunga vizuri kwa ajili yako."

Alitoa kichwa, akainuka kukung'uta magoti. Mlango ukafungwa. Jepleting hakumtazama. Gari jekundu lilirudi barabarani na kuikata ile kona vizuri kabisa, bila kuyumba. Kemboi akasimama akisikiliza injini mpaka miti ikaimeza.

Hakukimbia. Hakuona pa kukimbilia. Baada ya muda pikapu ya polisi ikapunguza mwendo na kusimama kando yake. Afisa akamtazama ovaroli, mkoba wa vifaa, mita iliyokuwa bado mkononi.

"Fundi. Gari unatengeneza iko wapi?"

"Imepona, afande," Kemboi akasema. "Imeenda."