Korongo la Ndugu Wawili

Kisa hiki nilisimuliwa na Beata, jirani yangu hapa Kitura, msimu wa maharage uliopita, tulipokuwa tukipura uani kwake. Pale ambapo yeye hakuwepo, binti yake Ottilia alidakia, uso ameuinamisha. Nami nakiandika kama nilivyokipokea.

Kila asubuhi Ottilia alifagia uwanja, akachota maji, akanywa uji, kisha akashika njia ya shule. Mwisho wa shamba lao palikuwa na korongo refu, lililokatika kutoka juu ya kilima hadi mtoni. Alilivuka kwa magogo mawili bila kuliangalia, maana alizaliwa akalikuta.

Shuleni, tangu darasa la kwanza, Ottilia ndiye aliyesimama mbele ya wageni. Risala asome yeye, shairi aghani yeye. Mambo yalibadilika alipoingia darasa la sita, akaja Siwema. Siwema alitoka Mbamba Bay, huko ziwani, akaletwa kukaa na shangazi yake Gertruda. Alikuwa mwembamba na mpole, lakini akifungua kinywa, hata wavulana wa nyuma waliacha kuchokozana.

Mwezi wa tatu Mwalimu Edmund alitangaza kwamba darasa litaonyesha igizo juu ya ukoloni: kwa nini wakoloni walikuja, na walituachia nini. Kwanza wangeonyesha mbele ya wazazi, halafu Mbinga mjini, mbele ya shule nyingine.

“Msimulizi atakuwa Siwema,” alisema. “Ottilia, wewe utakuwa jumbe wa mkoloni. Utavaa kofia nyekundu.”

Ottilia alihisi kama amemeza kaa la moto. Alimwinamia Henry, aliyeketi naye dawati moja. “Msimulizi gani huyo? Maneno yake yananuka usipa, dagaa wa kwao.”

“Usipa mtamu,” alijibu Henry. “Sema una wivu.”

“Mimi? Nimwonee wivu yule?”

“Basi mbona umevunja penseli?”

Jioni moja, kesho yake ikiwa siku ya wazazi, Siwema alipiga hodi kwa akina Ottilia. Beata alimkaribisha, akarudi jikoni kugeuza ugali.

“Ottilia, nisaidie,” Siwema alisema. “Nataka kueleza jinsi wanaume walivyopelekwa Tanga kulima mkonge wa wakoloni, huku ngolo zao, haya mashamba ya huku milimani, zikikosa watu. Lakini kwetu ziwani tunalima mihogo kwenye matuta. Ngolo zinatengenezwaje?”

Hilo ni jambo ambalo mtoto yeyote wa Kimatengo, wa huku milimani, analijua. Ottilia aliona mlango umefunguka, naye akaingia.

“Rahisi,” alisema. “Wanachimba mashimo kwanza. Halafu wanachoma nyasi zote, majivu wanayamwaga shimoni.”

Siwema aliyarudia maneno yale taratibu ili asiyasahau. “Asante, dada,” akasema, akaenda zake.

Siku ya wazazi uwanja ulijaa. Siwema alianza vizuri.

“Wakoloni walitaka mali ya viwanda vyao: pamba, mkonge, kahawa. Walitaka soko la kuuzia bidhaa zao. Tena walioneana wivu wao kwa wao. Mjerumani alipoona Mwingereza ameshika huku, naye alikimbilia kushika kule. Wakaigawa Afrika bila kumwuliza mwenye nyumba. Hata ziwani walichora mpaka, na bibi wa bibi yangu akawa mgeni kwa dada zake wa ng’ambo.”

Wazee walitikisa vichwa kwa kukubali. Ottilia, kofia nyekundu kichwani, alisubiri.

“Na hapa milimani,” Siwema aliendelea, “watu walikuwa na kilimo chao cha ngolo. Walichimba mashimo, wakachoma nyasi, wakamwaga majivu shimoni.”

Mzee Bernadi alisema toka kwenye benchi la wazee, “Mwanangu, ukichoma nyasi, mvua itaubeba mlima huu, utaukuta Mbamba Bay kwa mama yako.”

Uwanja mzima uliangua kicheko. Siwema alifungua kinywa, maneno yaliyobaki yakamtoroka yote.

Baadaye Mwalimu Edmund aliwaita pembeni. “Siwema, nani alikuambia habari ya kuchoma nyasi?”

Siwema alimtazama Ottilia mara moja, akatazama chini. “Nilielewa vibaya, mwalimu.”

“Basi pumzika. Mbinga, Ottilia ndiye atakayesimulia.”

Amepata. Kile alichokitamani tangu mwezi ule ulipoanza kiko mkononi. Lakini Ottilia alitembea kurudi nyumbani kama mtu aliyetumwa kwenye msiba.

Walipofika kwenye korongo, Beata alisimama. “Jana Siwema alikuja kwetu. Alikuuliza nini?”

Ottilia alikanyaga gogo la kwanza avuke.

“Vua hiyo kofia.”

Alishtuka. Alikuwa bado ameivaa. Akaivua.

“Korongo hili lilichimbwa na nani?” mama aliuliza.

“Mvua.”

“Mvua ilimalizia tu. Hapa palikaa ndugu wawili, Raimundi, babu wa babu yako, na mdogo wake Wendelin. Ngolo zao zilikuwa kitu kimoja, kama mkeka. Wanaume walikata nyasi pamoja, zikikauka wakazipanga miraba miraba kilima kizima. Wanawake wakachimba udongo katikati ya kila mraba, wakazifunika nyasi, juu wakapanda maharage. Maji yakitelemka yanaingia shimoni yanatulia. Sasa mkoloni akaja. Askari wa kutosha kila kijiji hana. Akafanyaje? Akamchagua Raimundi awe jumbe, akamvika kofia nyekundu. Wendelin hakupewa kitu. Kuanzia siku hiyo hawakula sahani moja. Wendelin alimwonea wivu kaka yake, Raimundi naye akaogopa kofia isihamie kwa mdogo wake. Mkoloni alipotaka watu wa kwenda kwenye mkonge, unadhani jumbe alimtoa nani kwanza?”

“Wendelin,” Ottilia alisema kwa sauti ndogo.

“Akaenda Tanga, hakurudi. Mkewe hakuweza kilima peke yake, na kwa shemeji hakutaka kuomba. Kipande cha katikati kikakaa bila ngolo. Masika yakapita hapo. Mkoloni ameshaondoka, mwanangu, na ile kofia ililiwa na mchwa. Korongo bado lipo, kila siku tunalivuka.”

Ottilia alilitazama korongo kana kwamba limechimbwa asubuhi ile. Kisha akalia.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Gertruda. “Shikamoo, mama. Siwema yupo?”

“Marahaba. Yuko nyuma anachambua mboga.”

Siwema hakuinua macho. “Umekuja kunifundisha kuchoma nini leo?”

“Nimekuja kuomba msamaha. Nilikudanganya makusudi. Nilikuonea wivu.”

Siwema aliendelea kuchambua. Mwisho akasema, “Hata mimi nakuonea wivu.”

“Mimi? Kwa lipi?”

“Jana ulirudi nyumbani na mama yako. Mimi wa kwangu yuko Mbamba Bay anaanika usipa.”

Ottilia alichuchumaa, akavuta ungo, wakachambua pamoja. Halafu akasema, “Nyasi zetu zimekauka. Njoo ushike jembe, uone kwa macho.”

Siku hiyo Siwema alichimba ngolo mpaka viganja vikamvimba. Za kwanza zilikuwa za duara kama chungu, Beata akacheka mpaka akakaa chini. Jumatatu Ottilia alimweleza Mwalimu Edmund kila kitu. Mwalimu hakumchapa. Alimtaka ayaseme hayo mbele ya darasa, naye akayasema. Siwema akarudishiwa usimulizi wake, na Ottilia kofia yake.

Huko Mbinga Siwema alieleza ngolo bila kukosea, akaeleza na korongo la ndugu wawili. Ottilia, kwa nafasi ya jumbe, alijivuna na kofia yake hivi kwamba watoto wa shule nyingine walimzomea kwa hasira ya kweli. Walirudi jioni kwa basi dogo, Siwema akaruhusiwa kulala kwa akina Ottilia.

“Nani alishangiliwa zaidi?” Beata aliuliza akiwatandikia.

“Siwema,” alisema Ottilia.

“Na moyo wako ulisemaje?”

Ottilia alifikiri. “Uliuma. Kidogo.”

“Umesema kweli, ndiyo vizuri. Wivu ni kama mvua ya huku kwetu, huwezi kuuambia usinyeshe. Lakini ukiuacha utelemke, unabeba udongo wako na wa jirani. Wakoloni walilijua hilo, wakautumia kututenganisha. Wewe uchimbie shimo utulie humo, kisha panda kitu juu yake. Mkisaidiana, hakuna atakayewagawa.”

Siwema alitaka kuongeza neno, lakini usingizi ulimkata katikati. Beata akafukia moto, naye akaenda kulala. Ottilia alimvutia mwenzake blanketi, akasikiliza mvua inavyogonga bati na kuingia, tone kwa tone, katika ngolo zao mpya. Halafu naye akalala.