Goti Jipya la Bibi Fusae

Kila alasiri Mizuho alivua viatu mlangoni na kusema, "Nimerudi!" Kwa majuma matatu hakuitikiwa. Mama yake alishinda kiwandani hadi usiku, na Bibi Fusae alikuwa amelazwa kwa ajili ya kubadilishiwa goti. Mizuho alikula wali baridi peke yake, televisheni ikiwaka ili tu asikie sauti ya mtu.

Bibi aliporudi, Mizuho aliona raha isiyo kifani. Lakini kesho yake alimkuta amepiga magoti mkekani mbele ya kijikabati chenye picha ya marehemu Babu, akifukiza ubani.

"Bibi! Daktari si alikukataza?"

"Nyamaza wewe! Tangu afe, sijamsalimia nikiwa nimekaa kitini kama mgeni. Usimwambie mtu, wasije wakanirudisha wodini."

Mizuho akafunga mdomo. Hakutaka kubaki peke yake tena.

Ijumaa walikwenda hospitalini kwa mazoezi ya goti. Mwalimu Kuramochi alimvisha Bibi roboti ya mguuni, yenye mikanda pajani na chini ya goti, na mota ndogo ubavuni. Msuli ukijaribu, roboti iliusaidia, na skrini ilionyesha nani amefanya kazi kiasi gani.

"Bi Fusae, juzi mguu ulijituma. Leo roboti inafanya kazi yote, na goti limevimba. Kuna nini?"

"Hamna kitu, mwanangu. Uvivu tu. Niongezee mazoezi."

Akapiga hatua, jasho likimtoka, huku amekazana kutabasamu. Mizuho alishindwa kuvumilia.

"Anapiga magoti kila asubuhi, Mwalimu!" Machozi yakamtoka. "Tafadhali usimlaze. Naogopa kukaa peke yangu."

Mwalimu alisimamisha mashine mara moja. "Halazwi mtu. Tutapunguza mazoezi, tutaweka barafu. Lakini kupiga magoti basi."

Usiku ule Mizuho na mama yake walikiweka kijikabati juu ya meza. Bibi alivuta kiti, akaketi.

"Mume wangu, leo ndivyo nilivyo," akasema. Kisha akamgeukia Mizuho. "Mjukuu wangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha goti, wewe ukaficha upweke, na sote tuliumia. Mashine ile inasoma msuli tu. Yaliyo moyoni hayajulikani mpaka uyaseme."

"Basi nasema, Bibi. Nilikukumbuka sana."

"Lete kiti chako hapa."