Oili Iliyopungua

Kila Jumamosi asubuhi, kazi ya Kaluki ilikuwa kupangusa mayai. Mama yake, Mbeke, aliyaleta kwa gari lake kutoka kwa wafugaji wa Isinya, kisha akayasambaza kwenye maduka ya Kitengela. Kaluki aliyapangusa moja moja na kuyapanga kwenye trei, lakini kwanza kila yai alilitikisa karibu na sikio. Aliyashuku mayai. Aliwashuku pia wauza maziwa, wapima sukari na hata mbuzi wa jirani. Wenzake wa Gredi ya Saba walimwita Mpelelezi, naye jina hilo lilimpendeza ajabu.

Jumamosi hiyo kulikuwa na kazi nyingine. Gari lilihitaji kubadilishwa oili ya injini. Kwa kawaida Mama alilipeleka gereji kwa Njogu, fundi aliyelihudumia tangu liliponunuliwa. Safari hii aliamua kuifanya kazi mwenyewe nyumbani, kwa kuwa alikuwa amenunua chombo kipya: mtungi wa plastiki wenye pampu ya mkono na mrija mrefu mwembamba.

"Hakuna kulala chini ya gari tena," Mama alisema akivaa glavu. "Mrija unaingia pale pa kijiti cha kupimia oili, unapiga pampu, halafu oili chafu inapanda yenyewe."

"Yenyewe?" Kaluki aliuliza, macho yamemtoka. "Mama, hapo pana ujanja."

"Ujanja wa nani, wewe? Ni hewa tu inayovuta. Shika mrija."

Mama aliwasha injini kwa muda ili oili ipate joto na iwe nyepesi, kisha akaizima. Alichomoa kijiti cha kupimia, akakifuta kwa kitambaa bila hata kukitazama, akakiweka kando. Mrija ukaingizwa mpaka ukagota chini. Kaluki akapiga pampu hadi mkono ukamuuma, na kweli, oili nyeusi tititi ikaanza kupanda na kuingia mtungini. Alitaka kuigusa, lakini Mama akamzuia.

"Weka mkono mbali! Oili iliyotumika inadhuru ngozi."

Kazi yenyewe ilikuwa ya polepole. Mama akamtuma Kaluki dukani kununua oili mpya, kisha yeye mwenyewe akaingia ndani kupokea simu ya mteja. Uani akabaki nyanya yake Kaluki, Susu Mwelu, akichambua maharagwe kwenye ungo.

Kaluki hakurudi haraka. Alimsumbua mwenye duka kwa kuigeuza chupa ya oili juu chini, akihakikisha kifuniko hakijafunguliwa. Alipofika nyumbani, mrija ulikuwa ukikoroma kwa kuvuta hewa tupu. Akatazama alama zilizo ubavuni mwa mtungi. Akachukua kitabu cha gari, akasoma ni lita ngapi za oili injini hubeba, akatazama tena.

"Mama! Njoo uone! Oili haijatimia. Imepungua karibu lita nzima!"

Mama akaja mbio. Alipiga pampu tena, lakini hakikutoka kitu. "Ajabu," alisema. "Gari halivuji hata tone. Imekwenda wapi?"

Hapo ndipo Mpelelezi alipoamka. "Mama, mara ya mwisho oili ilitiwa na nani?"

"Si Njogu?"

"Ulimwona akiitia yote?"

Mama hakumwona. Siku hiyo alikuwa amekaa nje ya gereji akinywa chai. Kaluki naye alikumbuka kwamba alimwona Njogu akipita nyuma ya gereji na kidumu kidogo mkononi. Wakati ule hakukijali kabisa. Sasa alikiona wazi, na kadiri alivyokifikiria ndivyo kilivyozidi kunuka wizi.

"Lakini Njogu?" Mama alisema. "Yule mtu alitukokota kwenye matope kutoka Isinya, na hakutaka hata asante."

"Watu hubadilika, Mama," Kaluki alijibu, kana kwamba ana umri wa miaka hamsini.

Walitia oili mpya, lakini maneno yale hayakumtoka Mama kichwani. Kufikia saa ya chakula cha mchana, hasira ilikuwa imempanda. Alimpigia simu Evalyne, mwenzake katika biashara ya mayai. "Yule Njogu mwangalie sana," alimwambia. "Nadhani anatuibia oili. Kesho nitasema mbele ya chama chetu chote cha akina mama."

Kaluki alijua maana yake. Karibu wanawake wote wa chama waliokuwa na magari waliyapeleka kwa Njogu. Wakimhama, gereji yake ingefungwa. Na Njogu alikuwa baba yake Wacuka, rafiki aliyeketi naye dawati moja tangu Gredi ya Nne.

Jumapili, nje ya kanisa, Kaluki alimvuta Wacuka kando. "Nakwambia kwa sababu mimi ni rafiki yako," alimnong'oneza. "Baba yako anaiba oili za watu."

Wacuka alimkazia macho. "Jana jioni Evalyne alifika na gari mlangoni petu, akaligeuza bila hata salamu. Baba hakula chakula. Kumbe ni ninyi?"

"Sisi tuko na ushahidi."

"Ushahidi gani?" Wacuka aliuliza. Kabla hajajibiwa, machozi yalimlengalenga, akaondoka na kwenda kukaa benchi la mbele. Ibada nzima hakugeuka. Kaluki alihisi vibaya rohoni, akajifariji kwamba mpelelezi hapaswi kuwa na huruma.

Walipokuwa wakirudi nyumbani yeye na Mama, Kaluki akitangulia mbio, alipita kwenye ua wa jirani yao Metito, mfugaji wa mbuzi. Akasimama ghafla. Nguzo za ua ule zilikuwa zimepakwa kitu cheusi, kibichi, kinachong'aa. Akainama, akanusa. Ilikuwa oili!

"Mama!" alipiga kelele, akikimbia kumlaki. "Mwizi si Njogu! Ni Metito! Oili yetu ameipaka kwenye nguzo zake!"

Mama, aliyekuwa akiwahi mkutano wa chama, hakungoja kusikia zaidi. Alikwenda moja kwa moja hadi uani kwa Metito.

"Sopa, Mama Kaluki!" Metito alimsalimu kwa furaha.

"Epa. Metito, hii oili umeitoa wapi?"

"Si kwenu? Mchwa walikuwa wanamaliza hizi nguzo. Mimi niko na mbuzi wengi, ua ukianguka watakula sukuma yenu yote. Jana nikaja na mkebe wangu, nikaomba, kokoo akanimiminia kutoka kwenye ule mtungi wenu. Hata akaniambia nisishike na mkono."

"Kokoo?" Mama na Kaluki walisema kwa pamoja. Kokoo kwa Kimaasai ni nyanya; huyo alikuwa Susu!

Walimkuta Susu Mwelu jikoni, ametulia tuli. "Ndiyo, nilimpa," alisema. "Kwani oili chafu inanyimwa? Mtu anakuja na mkebe wake, nguzo zake zinaliwa na mchwa, nimwambie nini?"

Hilo Mama hakuweza kulipinga. Huku kwao, oili chafu ilikuwa ya yeyote aliyewahi kuiomba. Hata Njogu huko gereji aliigawa bure kila siku.

"Lakini Susu, mbona hukutuambia?" Kaluki aliuliza.

"Mliniuliza? Nilikuwa pale pale na maharagwe yangu. Mlisimama mkasoma vitabu, mkataja lita, mkamtaja fundi. Hakuna aliyenigeukia aseme, Susu, umeona nini? Nikajua ni mambo yenu ya magari."

Mama alikaa kwenye kigoda kwa uzito. "Nimemwambia Evalyne," alisema polepole.

"Na mimi nimemwambia Wacuka," Kaluki alisema, akaanza kulia.

Hawakungoja chai. Waliingia garini na kwenda hadi nyumbani kwa Njogu, nyuma ya gereji. Walimkuta amekaa mlangoni, Wacuka kando yake. Mama alieleza yote bila kuficha. Alipomaliza, Kaluki alisonga mbele.

"Baba Wacuka, ni mimi niliyeanza. Nilikuona na kidumu nikafikiri ni oili yetu."

"Kidumu?" Njogu aliwaza kidogo. "Kile cha maji ya kunawa mikono?" Hakucheka. "Mama Kaluki, jana nilikaa hapa nikijiuliza nimemkosea nini Evalyne. Simu moja tu ungenipigia, ningekuja tutazame pamoja. Msamaha nimeupokea. Lakini neno mlilolitoa nje, nendeni mkalifute huko huko nje."

Wacuka aliinuka kando ya baba yake. Sasa alimtazama Kaluki. "Kwa nini hukuniuliza mimi kwanza?"

Kaluki alimgeukia. Akasema la kweli. "Kwa sababu ungenijibu. Na mimi nilikuwa nimeshaamua."

Alasiri hiyo Mama alisimama mbele ya chama, akasema kwamba Njogu hakuiba chochote na kwamba yeye ndiye aliyekosea. Kaluki naye alisimama akasema sehemu yake, masikio yakimwaka moto. Evalyne alishika kichwa. "Aki nilimpita bila salamu!" alisema. Alichukua funguo zake pale pale, akaenda kumwomba radhi.

Jumatatu jioni, Njogu alikuja na mkoba wake wa vifaa kubadilisha filta ya oili, kazi ambayo kile chombo hakikuweza kuifanya. Wacuka alikuja naye. Aliketi mbali kidogo na Kaluki, kisha akachukua kitambaa na kuanza kupangusa mayai. Kaluki aliona raha hata akaogopa kusema, asije akaharibu.

Wageni walipoondoka, Mama alimwita. "Mwanangu, hata mimi nina lawama. Mimi ni mtu mzima, nilipaswa kukuzuia, lakini nikaibeba shaka yako nikaitembeza mjini. Sikukatazi kushuku. Kitu kikipungua, lazima mtu ajiulize. Lakini shaka ikupeleke kuuliza, isikupeleke kuhukumu. Muulize aliye karibu, kisha umuulize mwenyewe unayemshuku, uso kwa uso, na umsikilize mpaka amalize. Baba Wacuka juzi hakula chakula kwa sababu sisi wawili tuliona uvivu wa kuuliza swali moja."

"Nimesikia, Mama," Kaluki alisema.

Siku iliyofuata kalamu yake ilipotea darasani. Aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kisha akamgeukia Wacuka na kumuuliza kwa upole kama ameiona.

"Iko nyuma ya sikio lako," Wacuka alimjibu, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili.